Viatu vya Mwalimu wa Kwaya

Chonyonyo, Karagwe
11 Februari 2024

Mpendwa mjomba Telesfori,

Shikamoo. Natumaini barua hii inakukuta mzima hapo Nkwenda, wewe na cherehani yako. Sisi huku hatujambo. Mama ana miaka sabini na moja na bado anapalilia kibanja chetu cha migomba mwenyewe. Ukimnyang'anya jembe anakwenda kuazima la jirani. Cleophace mume wangu anapogolea kahawa na analalamika mgongo. Mimi bado nafundisha darasa la tatu, na kwaya ya usharika bado iko mikononi mwangu.

Mama ananituma nikuulize kwa nini hupokei simu. Anasema inaita mpaka inachoka. Tena hajasahau mazishi ya mama mdogo Mukakalisa: alikupigia, ukamjibu "ndiyo, ndiyo", halafu hukuonekana. Anasema kaka yake amekuwa mtu wa kujitenga. Mimi nimemwambia kwamba mjomba hana kinyongo, lakini ni vizuri umjibu mwenyewe.

Kilichonifanya nishike kalamu ni viatu. Nimejaribu vya dukani Kayanga na vya mitumba mnadani, vyote vinanishinda. Nakumbuka viatu vyeusi ulivyonishonea nilipoingia kidato cha kwanza. Nilivivaa miaka minne na nikamrithisha mdogo wangu. Nishonee vingine mjomba. Viwe vyeusi, vya kufunika, vipana kidogo mbele, maana miguu yangu imenenepa. Septemba kuna tamasha la kwaya za jimbo, na safari hii linafanyika hapo kwenu Nkwenda. Nataka nisimame mbele ya watu nikiwa nimevaa kitu cha maana.

Nimechora nyayo zote mbili kwenye karatasi hii ya manila. Ndiyo maana naandika badala ya kutuma ujumbe. Mguu haupiti kwenye simu. Mpe majibu Dastan, dereva wa Fuso anayekuja huko kuchukua ndizi.

Mpwa wako,
Mackrine

*

Nkwenda, Kyerwa
3 Machi 2024

Mwanangu Mackrine,

Marahaba. Mimi ni mzima, namshukuru Mungu. Mvua imeanza, maharage yameshika vizuri, na jirani yangu Nsanzimana amenunua ng'ombe asiyetaka kukamuliwa, kila asubuhi tunamfukuzia mpaka sokoni. Msalimu dada yangu Anatolia. Mwambie sina hasira naye. Mambo ya simu niachieni mimi, siipendi, imekuwa kelele tu.

Siku hizi sishoni viatu vipya. Naziba ziba: soli iliyobanduka, zipu ya begi, kamba ya kandambili. Lakini umenikumbusha vile viatu vya kidato cha kwanza, nikaona aibu kukataa. Kalibu zangu, ile miguu ya mti ninayoshonea viatu, nilikuta kuku ametagia katikati yake. Nimezifuta.

Nimekushonea hivi unavyoviona. Ngozi ni ya ng'ombe, soli ni tairi la lori, lile la katambuga, nimeishona mistari miwili. Hivi hata ukipanda navyo mpaka Rwanda na kurudi havitafunguka.

Jambo moja. Mchoro wa mguu wa kulia ni safi. Wa kushoto mstari umetetemeka, umeingia ndani ukatoka, kama umechorwa ndani ya gari. Nani alikuchorea? Niletee na viatu vyako vya zamani, vile unavyovaa kila siku. Usivioshe.

Mjomba wako,
Telesfori

*

Chonyonyo
24 Machi 2024

Mpendwa mjomba,

Shikamoo. Tumepokea mzigo. Mama alikishika kiatu akakigonga gonga ukutani, akasema, "Huyu ndiye kaka yangu." Kisha akakumbuka kwamba amekununia, akakiweka chini. Huku tunajiandaa na Pasaka. Kwaya ina nyimbo tano mpya na sauti ya nne wanaimba kama ng'ombe wa jirani yako.

Mjomba, viatu ni vizuri mno. Ni imara. Tatizo dogo ni kwamba ni vizito kidogo kwangu. Nilivivaa kwenda shule, nikafika kipindi cha pili kimekwisha. Nilijikwaa kidogo pale kwenye mteremko wa kanisani, lakini si kitu, ni magoti tu. Labda nivivae siku za mvua pekee.

Mchoro niliuchora mwenyewe, nilikuwa na haraka.

Nakuletea hivyo vya zamani kama ulivyotaka. Naona aibu, vimechakaa. Usivicheke.

Wako,
Mackrine

*

Nkwenda
12 Mei 2024

Mwanangu Mackrine,

Nisamehe kwa kuchelewa. Mvua imekata barabara mara mbili, na Dastan alilala porini na ndizi zake mpaka zikaiva ndani ya Fuso. Aliporudi huku alitugawia mbivu soko zima. Mengine ni salama.

Viatu vyako vimekaa mezani kwangu wiki nzima. Sasa nisikilize.

Cha kulia kimelika kisigino upande wa nje, kama viatu vya watu wote. Cha kushoto kisigino chake ni kizima kabisa, lakini ncha imelika mpaka kitambaa kinaonekana. Mguu huo hukanyagi nao kwanza kisigino. Unauburuza. Kamba za vyote viwili umezifunga fundo la kudumu, halafu umechana nyuma ili uvitumbukie bila kufungua. Mwalimu wa miaka thelathini na tisa asiyefunga kamba za viatu ana jambo kwenye vidole vya mikono. Halafu ndani ya cha kushoto nimekuta kokoto, ukubwa wa punje ya mahindi. Imejichimbia shimo lake, imelala humo kama yai. Imekaa miezi. Mtu mwingine angevua kiatu kabla hajafika barabarani.

Hivyo miguu yako haikunenepa. Nimeshona viatu miaka arobaini na mbili, usinifanye mtoto.

Mwanangu, una nini?

Mjomba wako,
Telesfori

*

Chonyonyo
26 Mei 2024

Mjomba,

Shikamoo. Leo salamu ni fupi, maana nimekasirika. Nilikuomba viatu, sikuomba upelelezi. Nilikaa na barua yako siku nne nikiapa kwamba sitajibu. Siku ya tano Cleophace aliisoma, akacheka mpaka akakaa chini. "Huyu mzee angekuwa daktari," alisema, "tusingezunguka miaka miwili."

Basi nakuambia. Naumwa ugonjwa unaoitwa MS. Daktari wa Mwanza alinieleza hivi: kinga ya mwili, ambayo kazi yake ni kupigana na magonjwa, imegeuka na kuguguna ganda la mishipa ya fahamu, ile inayopeleka habari kutoka kichwani mpaka miguuni. Ganda likichubuka habari inafika nusu, au haifiki. Hauambukizi. Hauponi kabisa, ila kuna dawa ya kuupunguza makali, nami naitumia. Mguu wa kushoto nikiuambia nyanyuka, kisigino kinanyanyuka lakini vidole vinaning'inia na kukwaruza chini. Unyayo una ganzi. Kuna siku unawaka kama nimekanyaga majivu ya moto, na siku nyingine sisikii chochote, ndiyo maana ya hiyo kokoto. Vidole vya mikono vinachoka. Jua likiwa kali, nguvu zinaniishia kama betri ya simu mbovu. Watu wanaona nayumba, wengine wamesema nakunywa rubisi kabla ya ibada.

Sikukuambia kwa sababu nilitaka uwe mtu mmoja anayenishonea viatu tu, asiyenionea huruma.

Mzee wa kanisa, mzee Twagirayezu, amenishauri kwamba tamasha la Septemba aongoze mtu mwingine, au niongoze nikiwa kwenye kiti. Alisema kwa upole, na huo upole ndio ulioniuma. Mjomba, sisi tunaingia kanisani kwa kucheza, mwalimu mbele na kwaya nyuma, kutoka mlangoni mpaka madhabahuni. Nimefanya hivyo miaka kumi na tano. Sitaki kubebwa na sitaki kuketishwa kabla sijachoka.

Na kwa kuwa tunapekuana: Dastan ameniambia kwamba alikupigia honi nyuma yako barabarani, hatua tano, na hukugeuka. Alishuka akakushika bega, ukaruka kama umeona nyoka. Mimi nimesema langu. Sasa ni zamu yako.

Mackrine

*

Nkwenda
23 Juni 2024

Mwanangu, mwalimu wa kwaya,

Marahaba, hata kama ilikuwa ya hasira. Huku tumeanza kuvuna kahawa, ua wote umeanikwa buni na hatuna pa kukanyaga.

Nimeanza barua hii mara tatu. Dastan amesema kweli. Sikio la kulia lilizima mwaka 2019, la kushoto lililifuata mwaka juzi. Simu ikiita naona taa inawaka. Nikipokea nasikia kama mvua inayonyesha kwenye bati la nyumba ya mbali. Dada aliponipigia siku ile nilisema "ndiyo, ndiyo" kwa sababu sikutaka kumwambia rudia mara ya tano. Sikujua kwamba Mukakalisa amefariki. Nilijua baada ya wiki mbili. Ningeandika nini? Kwamba nilikubali kwenda kwenye mazishi bila kujua kuna mazishi? Nikanyamaza, na kunyamaza kukawa ndiyo tabia.

Hata viatu vipya niliacha kwa ajili hiyo. Mteja alisema kahawia nikashona vyeusi. Mwingine alisema namba saba nikashona tisa, akavaa akaonekana bata. Wakacheka, nami nikacheka, kisha nikafunga kalibu zangu bandani.

Kumbe sote wawili hatusikii, mwanangu, wewe kwa unyayo na mimi kwa masikio. Nilipoliona hilo nilicheka peke yangu mpaka Nsanzimana akachungulia dirishani.

Tuache huruma, tufanye kazi. Tairi lilikuwa kosa langu. Nimekushonea hivi vingine, ukiviweka mkononi utadhani ni vitumbua. Soli ni mpira wa sponji mgumu. Vinafunguka kutoka juu mpaka kwenye vidole, mguu unaingia umelala, si kusukumwa. Hakuna kamba, nimeweka tepe mbili za kunata, utafunga hata kwa kiganja. Nyuma ya kisigino nimeweka ngozi ngumu ikushike usiyumbe.

Sasa nijibu kama mteja, kwa maandishi, nitasoma kila neno. Mguu unavimba saa ngapi? Unayumba zaidi kwenye sakafu au kwenye udongo? Ukigeuka, unageukia upande gani? Mkicheza mnaanza na mguu upi?

Mjomba wako kiziwi,
Telesfori

*

Chonyonyo
21 Julai 2024

Mpendwa mjomba,

Shikamoo. Nilimsomea mama barua yako yote, na la mazishi pia. Alikwenda kibanjani akakata mkungu mkubwa kuliko yote na kumpa Dastan, akamwambia, "Mpelekee kaka yangu." Umeupata bila shaka. Kwake huo ndio msamaha, usisubiri mwingine.

Nakujibu kama mteja. Mguu unavimba kuanzia saa nane mchana. Nayumba zaidi kwenye sakafu iliyong'aa. Nageukia kulia, sikuzote kulia. Na tunaanza na mguu wa kushoto, ndiyo balaa lenyewe.

Viatu ni vyepesi, mjomba, siku ya kwanza nilitembea mpaka kisimani nikisahau kwamba nina miguu. Nimevifunga mwenyewe, Cleophace akapiga makofi kama nimehitimu. Lakini kuna mawili ya kukuambia. La kwanza, ule mpira unashika sakafu. Vidole vinaposhuka, ncha ya kiatu inang'ang'ania saruji na mimi naendelea mbele bila mguu. Nilianguka mazoezini mbele ya sauti ya kwanza na ya pili. Sauti ya nne walikuwa wamechelewa, nashukuru.

La pili. Jumamosi moja mwanzoni mwa mwezi tulikaa uani, Cleophace akaniuliza:

"Mackrine, hiyo soksi uliinunua nyekundu?"

"Nyeupe."

"Basi vua."

Nilivua. Mshono wa ndani ulikuwa umenichubua upande wa kidole kidogo, kidonda ukubwa wa shilingi, na mimi sikusikia lolote tangu asubuhi. Usijilaumu. Muuguzi amenisafisha na kimeshapona. Amenifundisha kukagua nyayo kila jioni kwa kioo cha kunyolea cha Cleophace, ambaye sasa ana kidevu kama shamba la mtama.

Tena kuna habari njema. Nilikwenda hospitali kumwona mtaalamu wa mazoezi ya viungo, dada mmoja mcheshi anaitwa Edith. Amenipa kifaa cha plastiki chembamba, kinapita nyuma ya mguu chini ya goti mpaka chini ya unyayo, kinazuia vidole visining'inie. Kinafanya kazi! Lakini hakiingii kwenye kiatu chochote duniani. Nimechora upya, mguu ukiwa na kifaa ndani, saa kumi jioni ukiwa umevimba. Safari hii mstari umetulia kwa sababu mama alishika penseli.

Zimebaki wiki tisa, na siku hiyo nataka uje kanisani.

Wako,
Mackrine

*

Nkwenda
25 Agosti 2024

Mwanangu Mackrine,

Marahaba. Mkungu tuliupata. Tulikula siku tano, mimi na Nsanzimana, na ng'ombe akala maganda akakubali kukamuliwa. Mwambie dada kwamba nimeelewa.

Nilisumbuka na ile habari ya ncha kushika sakafu. Kwa kichwa sikuielewa. Basi nilijifunga kamba kutoka kwenye kidole gumba cha mguu wa kushoto mpaka chini ya kisigino ili vidole vining'inie, nikavaa kiatu kama chako, nikatembea kutoka kwangu hadi sokoni. Hatua ya sita nilianguka kwenye nyanya za mama mmoja. Watu wakajaa. Sikusikia walichosema lakini midomo yao niliielewa: mzee amelewa. Nsanzimana akanishika mkono tukaendelea, mimi naanguka, yeye ananyanyua, mpaka nikajua ni wapi hasa panaposhika. Ni upana wa vidole viwili tu vya soli, pale mbele kabisa.

Kwa hiyo hivi ninavyokuletea soli yake ni ya aina mbili. Nyuma ni mpira, usiteleze. Mbele, pale panapokwaruza, nimeweka ngozi laini iliyopigwa nta, ipite sakafuni badala ya kushika. Tena ncha nimeikunja juu kidogo kama pua ya mtumbwi. Ndani hakuna mshono hata mmoja. Nimegeuza ngozi ya mbuzi kipande kizima, mishono yote iko nje. Ipapase yote kwa mkono kabla ya kuvaa, kila siku, na kokoto utoe. Cha kushoto ni kipana kuliko cha kulia ili kifaa cha Edith kikae, na soli ya ndani inatoka: asubuhi iweke, saa nane ukivimba itoe. Kwa macho ya watu ni viatu viwili vinavyofanana. Nimehangaikia hilo kuliko yote.

Kuhusu tamasha, umesema nije. Sitakuja. Nitafanya nini mimi kwenye nyimbo? Nitakaa niangalie midomo ikifunguka na kufumba? Nitawapikia chakula, mje kula.

Mjomba wako,
Telesfori

*

Chonyonyo
1 Septemba 2024

Mjomba, mjomba, mjomba!

Shikamoo mara kumi. Wote wazima, kila kitu salama, habari nyingine zisubiri.

Vimeingia. Kifaa kimeingia. Nimetembea sakafu yote ya kanisa, kwenda na kurudi, mara sita, peke yangu, na mzee Twagirayezu akiwa amesimama mlangoni na funguo mkononi. Mguu wa kushoto unapita chini kama unateleza kwenye mafuta na haung'ang'anii. Nikageukia kulia, nikageukia na kushoto, kwa makusudi. Mzee alitia funguo mfukoni. Aliingia akaniwekea stuli ndogo pembeni ya jukwaa, akasema, "Hii siyo ya kukukalisha, mwalimu. Ni ya kukaa ukitaka wewe." Nikamwambia hiyo nimeikubali.

Sitasema kwamba nimepona. Nikitembea sana bado nachoka, na jana nilishinda kitandani. Lakini nimechoka kwa kutembea, si kwa kuogopa kuanguka.

Sasa kuhusu chakula chako. Hatutakuja kula kama hutakuja kanisani. Mama ameapa, na unamjua. Tarehe 22, saa nne asubuhi. Umetumia miezi saba kwenye miguu hii, halafu uisubiri jikoni?

Mackrine wako

*

Nkwenda
29 Septemba 2024

Mwanangu Mackrine,

Tumeagana Jumapili iliyopita tu, lakini pale palikuwa na watu wengi, na mimi kwenye watu wengi huwa natabasamu bila kujua natabasamia nini. Niandike niliyotaka kukuambia.

Nilikaa benchi la mbele na dada. Kwaya zingine zilipita, nikahesabu vigae vya sakafu. Ilipofika zamu yenu nilijua kabla sijageuka, kwa sababu benchi lilianza kutetemeka. Niliweka viganja vyote viwili juu ya mbao. Ngoma ilipanda mikononi mpaka mabegani. Miaka miwili sijakutana na muziki, mwanangu, nikaukuta kwenye benchi.

Halafu ukapita ubavuni kwangu. Watu wote waliangalia uso wako na gauni lako la kitenge. Mimi niliinama nikaangalia chini. Cha kushoto kikapita. Kikapita tena. Kila hatua nilikuwa nakisukuma kwa moyo. Ulipofika mbele ukatupa mgongo kuongoza, na mimi nikabaki na visigino vyako tu. Kwangu vilitosha.

Wimbo wa tatu niliona shingo yako imelowa jasho na goti limeanza kucheza. Nilitaka kuinuka nikushike. Dada akanivuta shati kwa nguvu zote. Ukanyoosha mkono mwenyewe, ukavuta ile stuli ya mzee wenu mliyokuja nayo, ukakaa, na mikono yako haikusimama hata kidogo. Kwaya haikukuondolea macho. Nikaona nilivyokuwa mjinga. Nilitaka kukuokoa wakati ulikuwa unafanya kazi.

Kuwa kwaya ya pili jimbo zima si haba. Nsanzimana, mwenye masikio, anasema mlistahili kuwa wa kwanza na kwamba sauti ya nne ndiyo iliwaangusha.

Nje, dada alinishika kichwa akapiga kelele kwenye sikio langu. Nikatikisa kichwa kwamba sisikii. Akachukua penseli kwa mtu, akaandika kwenye kiganja changu: UNGESEMA TU. Akaona haitoshi, akaandika kwenye kiganja cha pili: MJINGA. Sikunawa mpaka kesho yake.

Tangu siku hiyo mlangoni kwangu hapatulii. Amekuja mama mwenye kifundo kilichopinda, amekuja mzee wa kisukari, na juzi binti kutoka Kihanga mwenye mguu mmoja mfupi. Nimetundika ubao na chaki ukutani. Kila mtu anaandika anachotaka, rangi na namba, na sijakosea hata mara moja. Kuku nimemhamisha.

Desemba nataka kuja huko kwenu, wakati wa senene, nimpime dada miguu. Anavaa kandambili za kiume, nimeziona. Je, nitawasumbua?

Mjomba wako,
Telesfori

*

Chonyonyo
13 Oktoba 2024

Mpendwa mjomba,

Shikamoo. Sisi wazima, isipokuwa kidevu cha Cleophace, maana kile kioo nimekitwaa moja kwa moja. Wiki hii mguu umekuwa mzito na nimefundisha nikiwa nimekaa siku mbili, siku ya tatu nikasimama. Viatu vinaanza kulainika. Watoto wa darasa la tatu wanaviita viatu vyenye pua.

Mama anasema kandambili zake ni nzima na hahitaji kupimwa na mtu. Kisha akaniuliza kama unashona pia vya rangi ya damu ya mzee. Mpime hivyo hivyo.

Unauliza kama utatusumbua. Chumba kimefagiwa tangu jana, na Desemba bado iko mbali. Panda gari la Dastan, shuka kanisani, fuata njia ya migomba ya jirani yetu Rwegoshora mpaka nyumba yenye mlango wa bluu. Ukifika usipige hodi, mjomba, maana hutatusikia tukisema karibu. Sukuma mlango uingie.

Mpwa wako,
Mackrine